Mjane Mwenye Mume

Asubuhi ile nilikuwa na watu sita wamepanga foleni mbele ya sufuria. Mwanamke mmoja mgeni, kajipamba maua kichwani kama wanavyojipamba wageni wote siku hizi, akaacha bakuli lake mezani, akaja kunishika mikono yote miwili. Mikono yangu ilikuwa na mafuta ya utumbo. Hakujali. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Mama, pole sana," akasema. "Miaka thelathini na moja si mchezo."

"Thelathini na moja ya nini?"

"Ya kumngoja."

Nikadhani amekosea duka. Ukiwa na foleni huna muda wa kumuuliza mtu anamlilia nani. Nikamwambia ahsante, nikachota uji wa tambi wa mteja mwingine, nikatupia chaza na pilipili manga. Yule mama hakuondoka. Alimtazama mume wangu, Jinpo, aliyekuwa anafuta meza ya pembeni kwa mkono wa kushoto, halafu akaniinamia sikioni.

"Huyu ni kaka yako?"

"Huyu ni mume wangu."

Akaniachia mikono kama aliyeungua. Akanitazama juu mpaka chini. "Aa. Kumbe ulichoka kungoja," akasema, akaenda zake, na bakuli lake halijafika nusu.

Nilipomsimulia Jinpo alicheka mpaka akatafuta kiti. "Kwa hiyo mimi ni hawara! Umri huu! Ungeniambia mapema ningenyoa ndevu."

Tulicheka wote wawili. Hatukucheka tena.

Naitwa Zhuang Bizhen. Napika uji wa tambi kwenye kichochoro kinachochepuka kutoka Mtaa wa Magharibi, hapa Quanzhou, mwendo wa dakika tatu kutoka lango la Hekalu la Kaiyuan. Kabla yangu alipika mama mkwe, kwenye jiko hilohilo. Nawasha moto saa kumi alfajiri, na ikifika saa tano sufuria inakwanguliwa. Wateja wangu walikuwa walimu, wauza samaki, wazee wanaotoka kufanya mazoezi hekaluni. Halafu mji ukapata sifa duniani kwa mambo yake ya kale, wageni wakaanza kumiminika, na wazee wakawa hawapati pa kukaa.

Jinpo alikuwa fundi mawe. Alichonga na kuziba mawe ya zamani miaka thelathini na minne, madaraja, makaburi, ngazi za mahekalu. Miaka miwili iliyopita alianguka bafuni. Mshipa wa kichwa. Nilikaa naye hospitali siku kumi na moja, na kila siku nilijiambia, leo ndiyo leo, leo unakuwa mjane. Hakufa. Mdomo ulirudi mahali pake, mguu ukarudi, mkono wa kulia ukarudi nusu. Kila asubuhi huenda zahanati kuunyoosha, na saa tatu hurejea na njaa. Ndiyo maana saa mbili na nusu huwa namchotea bakuli lake kabla vitu vizuri havijaisha, naliweka kwenye meza ya dirishani na kulifunika kwa sahani. Hakuna siri nyingine. Ni kifungua kinywa cha mtu mgonjwa.

Siku tano baada ya yule mama wa maua, Jinpo alirudi, akakaa dirishani, akaondoa sahani, akashika kijiko kwa mkono wa kulia kama daktari alivyomwagiza. Kijana mmoja mgeni, mrefu, ana kamera shingoni, akasimama ghafla.

"Mzee! Mzee, acha! Hilo si lako!"

Jinpo akainua macho. "Si langu? La nani?"

"Hujui hilo bakuli ni la nani? Huna aibu?"

Na akalivuta. Jinpo naye, kwa kushangaa, hakuliachia. Mkono ule hauna nguvu ya kushindana na mtoto mchanga. Bakuli likapinduka, uji wa moto ukammwagikia mapajani, tambi zikaning'inia kwenye suruali yake. Duka zima likageuka. Kuna mtu alikuwa anapiga picha.

Jinpo hakupiga kelele. Alijaribu kuokota tambi kutoka kwenye suruali, na vidole havikuweza kushika. Akajaribu tena. Nilitoka nyuma ya jiko na upawa mkononi.

"Wewe! Umemfanya nini mume wangu?"

"Mume?" Kijana akawa mwekundu. "Mama, samahani... mwongoza wageni alituambia... hilo bakuli unamwekea yule aliyekwenda Luzon, kule Ufilipino. Kwamba hakuna anayeruhusiwa kuligusa."

"Mwongoza wageni gani?"

"Zhenhui."

Cai Zhenhui, aliyekuwa akiniletea wageni wake, ni mtoto wa mdogo wangu Bihua. Nimembeba mgongoni. Mama yake alipokuwa zamu ya usiku kiwandani, alilala kwangu, alikula kwangu, na Jumapili Jinpo alimweka mabegani akampeleka kuona minara miwili ya mawe ya Kaiyuan. Jinpo alipokuwa hospitali, Zhenhui aliniletea chakula kila siku, akakaa nami kwenye korido, akaniona nikilia kwa kuogopa ujane. Alijua. Katika watu wote wa mji huu, yeye alijua.

Nilimpaka Jinpo dawa ya moto, kisha nikavuka kwenda kwa Achun, anayeuza wali wa nyama uliofungwa kwenye majani.

"Achun, umewahi kusikia kwamba mume wangu yuko Luzon?"

Achun akajifanya anafunga kamba ya jani. "Shoga, maneno ya waongoza wageni hayo..."

"Umesikia au hujasikia?"

"Nimesikia."

"Tangu lini?"

"Tangu masika." Akaniangalia kwa jicho la pembeni. "Tulidhani mmekubaliana. Yule si mwanao? Na watu walikuwa wanakuja, Bizhen. Wakitoka kwako wanakuja kwangu. Wana majonzi, wananunua sana."

"Miezi minane umemwona Jinpo akipita hapa kila siku, anakusalimia, na moyoni unajua mimi nimeshamzika!"

"Sikukuzikia mtu mimi. Luzon si kaburini."

Ningempiga kwa upawa. Sikumpiga. Nilirudi dukani nikasugua sufuria mpaka mikono ikaniuma.

Kesho yake nikamwambia Jinpo sipiki. Hakuuliza, alikuwa kitandani, amegeukia ukuta. Nilivaa kofia pana ya jua, nikafunga kitambaa usoni kama wafanyavyo wanawake wa pikipiki, nikaenda kusimama kwenye lango la hekalu. Saa mbili kamili Zhenhui alifika na kibendera chake cha manjano na kipaza sauti kiunoni. Watu kumi na wanane walimzunguka. Nikajichomeka nyuma. Alipita karibu yangu akihesabu vichwa, akaniambia, "Karibu, dada, sogea kivulini," na macho yake yalikuwa kwenye simu.

Niseme ukweli hata kama unaniuma: anajua kusimulia. Chini ya mnara wa mashariki aliwaambia watu waweke viganja juu ya jiwe na wafumbe macho. Akawaeleza jinsi fundi anavyoligonga jiwe na kulisikiliza kabla hajalikubali. Jiwe zima hulia, jiwe lenye ufa hukohoa. Akawaambia jinsi minara hii ilivyotikiswa na tetemeko kubwa miaka mia nne iliyopita, na haikuanguka, kwa sababu mawe yake yamepangwa kushikana kama watu waliounganisha mikono. Watu walifumba macho. Hata mimi nilifumba. Ile "jiwe hukohoa" ni ya Jinpo, neno kwa neno. Nilimsikia akimwambia mtoto huyu alipokuwa na miaka sita.

"Haya yote," Zhenhui akasema, "nilifundishwa na marehemu babu yangu, fundi mawe."

Babu aliyemjua ni baba yangu. Baba yangu aliuza nyama ya nguruwe maisha yake yote, na hakuwahi kushika patasi. Nilisimama pale, jua linanichoma, nikaelewa kwamba kijana huyu amempora Jinpo mara mbili. Amechukua alichokijua akampa maiti, kisha Jinpo mwenyewe akamtupa ng'ambo ya bahari.

Niliwafuata. Walikunywa maji baridi ya mwani yenye asali, wakala mayai ya kukaanga yenye chaza kwenye sahani za karatasi, wakapiga picha minara ikiwa nyuma yao. Kila mahali Zhenhui alikuwa na la kusema, na watu walikuwa wanacheka. Halafu tukaingia kichochoro chetu. Akapunguza sauti.

"Sasa nawapeleka mahali ambapo hatutacheka," akasema. "Miaka thelathini na moja iliyopita, mwanaume mmoja wa kichochoro hiki alikwenda Luzon kutafuta maisha. Alimwambia mkewe, nitarudi kabla uji haujapoa. Kila siku mwanamke huyu anapika. Kila siku anaweka bakuli moja dirishani, analifunika. Naomba tusimuulize kitu. Tule tu."

Wakafika wakakuta milango ya mbao imefungwa.

Nilitaka kuona atafanyaje. Alisimama. Alishangaa kweli, niliona, ila kwa muda wa kukohoa mara moja. Kisha akavua kofia.

"Katika miezi yote hii sijawahi kukuta amefunga," akasema taratibu. "Labda leo ndiyo tarehe aliyoondoka. Tukae kimya kidogo."

Watu kumi na wanane wakanyamaza mbele ya mlango wangu. Mwanamke mmoja alifuta macho. Msiba ulikuwa umekamilika, haukukosa ila marehemu.

Nikavuta kitambaa chini. "Hajafunga kwa majonzi," nikasema. "Amefunga ili akusikilize wewe."

"Mama mkubwa!" Kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa, kichochoro kizima kikasikia "mama mkubwa."

"Usikizime. Acha kiwake. Waambie hawa mume wangu yuko wapi."

"Mama mkubwa, tuongee pembeni, tafadhali, niko kazini..."

"Na mimi nilikuwa kazini jana, mtu wako alipommwagia baba yako mkubwa uji wa moto! Waambie! Nani alikufundisha kwamba jiwe hukohoa? Babu yako? Babu yako muuza nguruwe?"

Mtu mmoja akacheka, akanyamaza. Achun alikuwa ametoka kwenye kibanda chake na kisu mkononi. Madirisha ya juu yakafunguka. Zhenhui alikuwa anapapasa kiunoni kutafuta swichi.

"Ilikuwa hadithi tu," akasema. "Kila mtaa una hadithi. Haimdhuru mtu."

"Haimdhuru! Ulikaa nami korido ile siku kumi na moja. Uliniona naomba asife. Halafu ukatoka ukamuua ili uuze tiketi!"

Mlango nyuma yangu ukafunguka. Jinpo alikuwa kavaa fulana ya ndani, nywele zimesimama, suruali fupi inaonyesha paja lililobabuka. Aliwatazama watu wote wale.

"Kuna nini? Moto?"

"Huyu hapa," nikawaambia. "Amerudi kutoka Luzon. Mtu huyu akipanda kivuko cha kwenda kisiwani hapo tu anatapika."

Wengine sasa walicheka wazi. Mwanamke aliyekuwa analia alinijia juu, ana hasira na mimi, si na Zhenhui. "Mama, kwani ungepungukiwa nini kutuacha tuamini? Tumetoka mbali."

Nilikuwa natafuta jibu baya, pale mzee mmoja mfupi aliponitangulia. Alikuwa na koti la kijivu, mmoja wa kundi lile. Alimpita yule mama. Alimwendea Zhenhui mpaka wakawa uso kwa uso.

"Bibi yangu alingoja kweli," akasema. "Babu alikwenda Luzon, bibi akiwa na miaka ishirini. Barua tatu, basi. Aliishi miaka sitini na mbili baada ya hapo. Unajua alifanya nini? Hakuweka bakuli dirishani. Alivunja bakuli. Alitupiga sisi wajukuu kwa sababu tulikuwa na pua ya babu. Alikuwa na hasira siku zote, na alikufa nayo. Niliona hadithi yako kwenye simu, nikakaa kwenye basi kwa saa tano, nikasema nije nimwone mwanamke aliyevumilia bila hasira, nijue inawezekana. Kumbe ulitunga. Kumbe hayupo."

Kibendera cha Zhenhui kilikuwa kimemning'inia mguuni.

"Nikudai pesa ya ziara?" mzee akasema. "Hapana. Kaa nayo."

Akageuka kwenda zake. Jinpo, ambaye alikuwa bado hajaelewa nusu ya jambo lile, akamwita: "Ndugu, hujala. Ingia ndani." Na mzee yule, sijui kwa nini, aliingia. Nikawasha jiko kwa ajili yake peke yake. Walikaa na Jinpo mpaka saa sita, wakizungumzia daraja la kwao, na nani alilitengeneza vibaya.

Jioni Bihua akanipigia simu. Hakunisalimia.

"Umemharibia mtoto kazi! Picha zimesambaa, kampuni imemsimamisha. Kwa neno dogo tu!"

"Neno dogo? Basi kesho nitasema mume wako kafia Manila, tuone kama ni dogo."

"Wewe dada una roho mbaya tangu utotoni."

"Na wewe ulijua," nikamwambia. Akanyamaza. Nilikuwa nimesema kwa kubahatisha tu, na ule unyamavu ulinijibu. "Bihua. Ulijua?"

Akakata simu.

Wiki zile zilikuwa ngumu. Wageni walipungua kichochoroni, na majirani wakaniwekea uso wa jiwe. Muuza maji ya mwani alitema mate nilipopita. Achun hakunisalimia, na mimi sikumsalimia Achun. Tulikuwa tunafagia tukipeana migongo. Lakini kilichonitia uchungu zaidi ni Jinpo. Aliacha kukaa dirishani. Alikula jikoni, amesimama, karibu na ndoo za uchafu, kwa mkono wa kushoto. Nikimwambia toka, ananiambia kuna watu. Aliacha hata zahanati. Siku ya nne nikachukua bakuli lake nikaliweka dirishani.

"Unakula hapa au huli."

"Basi sili."

"Basi usile!"

Alishinda na njaa mpaka saa nane, mzee mkaidi yule, na mimi nilishinda namtazama. Saa nane akatoka, akakaa, akala uji ulioganda, kwa mkono wa kulia, akiutia nusu kwenye shati. Wazee wawili wa hekaluni walikuwa wamerudi siku hizo kwa kuwa sasa kulikuwa na nafasi, na siku hiyo walikuwa bado wanapiga soga mezani. Mmoja akamwambia, "Jinpo, ulikuwa wapi? Tulisikia umefia ng'ambo." Jinpo akamtukania mama. Nikajua atapona.

Zhenhui alikuja baada ya mwezi. Alikuja saa tano, nasafisha. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Mama mkubwa. Siku ile ya kwanza mvua ilikuwa inanyesha," akasema. "Walikuwa wamechoka, hakuna aliyekuwa ananisikiliza. Nikaona lile bakuli dirishani, maneno yakanitoka tu. Wakanyamaza wote. Hujui ilivyo, watu ishirini kukunyamazia."

"Ungewaambia ukweli."

"Ukweli gani? Kwamba ni la mzee anayetoka zahanati?"

"Ndiyo. Huo."

"Hakuna anayelia kwa huo."

"Mimi nililia kwa huo," nikasema. "Siku kumi na moja. Ulikuwepo."

Aliinamisha kichwa. Jinpo akatoka ndani. Zhenhui alipiga magoti palepale kwenye maji ya kusafishia, akasema, "Baba mkubwa, nimekukosea," na Jinpo akamwinua haraka kwa mkono wake mzima, akamwambia asiloweshe suruali, akamuuliza kama amekula. Hivyo tu. Yeye ndivyo alivyo, hajui kukaa na kitu moyoni. Dakika mbili baadaye walikuwa wanabishana kuhusu jiwe moja la mnara wa magharibi, ambalo Zhenhui alikuwa anawaonyesha wageni kwa makosa.

Mimi niliendelea kusugua.

Siku hizi ana kazi kwenye kampuni nyingine, na anapita njia nyingine. Namsikia tu. Jinpo huenda naye hekaluni siku za Alhamisi, na akirudi hunisimulia jinsi wageni walivyomsikiliza, au walivyokosa kumsikiliza. Najibu "mm." Achun na mimi tunasalimiana sasa. Bihua ni ndugu yangu, na sherehe za mwaka mpya tulikaa meza moja nyumbani kwake, watu kumi na wawili, samaki mzima katikati. Zhenhui alizunguka akimimina chai kwa mikono miwili, kwa adabu, akaanza na wakubwa. Alipofika kwangu akasema, "Mama mkubwa, karibu."

Nilikuwa na kiu, na chai ilikuwa nzuri. Nikainywa yote. Bihua alikuwa ananitazama, Jinpo ananikanyaga mguu chini ya meza, wote wakisubiri niseme neno moja la kumaliza mambo. Nikaweka kikombe chini, nikamwomba Jinpo anisogezee samaki.